Kalamu imeinuliwa kwa mzee, kwetu bado inaandika

 

Ndugu msomaji, leo naomba nizungumzie jambo ambalo wengi wetu tunalo majumbani lakini hatulitaji. Nitaanza na aibu yangu mwenyewe, kwa sababu sioni haki ya kuwanasihi wenzangu huku nikijificha nyuma ya aya.

Mwaka juzi, kabla ya swala ya Alfajiri, simu yangu iliita. Mimi naishi Dar es Salaam, mama yupo Janga, Kibaha, kule ndani ukishashuka Mlandizi. Aliyepiga ni mwadhini wa msikiti wa pale kijijini. Akaniambia: "Mwanangu, mama yako yupo hapa kwangu, hajambo, lakini njoo." Nikauliza kuna nini. Akarudia: "Wewe njoo tu."

Nilipofika nikaelezwa. Mama alikutwa saa kumi za usiku uani kwa watu, peku, kajifunga khanga moja, ameinama anapapasa chini gizani. Mama mwenye nyumba alipofungua mlango na kumwona, akapiga yowe. Vijana wa jirani wakatoka na fimbo. Mmoja wao akasema maneno ambayo sote tunayajua: "Huyu ungo umemwangusha."

Ndugu zangu, tunajua sentensi hiyo inakoishia. Mara ngapi tumesoma kwenye magazeti kwamba bibi kizee ameanguka kutoka angani na kukutwa uchi mlangoni kwa watu, tukacheka, tukageuza ukurasa? Kule Kanda ya Ziwa, kwa miaka mingi, vikongwe wamekatwa mapanga kwa kudhaniwa wachawi, na ushahidi pekee ni macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni wakati wakipika chakula cha watoto wale wale.

Mama yangu alinusurika kwa sababu moja tu: mwadhini alikuwa anapita kwenda kuadhini. Akamtambua. Akavua koti lake akamfunika, kisha akakaa chini, mchangani, ubavuni kwake, ili anayetaka kumpiga ampige na yeye. Akamuuliza kwa upole: "Bi mkubwa, unafanya nini hapa?" Mama akajibu: "Naokota korosho. Mvua ikinyesha zitaoza."

Pale uani hapana mkorosho hata mmoja. Lakini ulikuwepo. Ile nusu eka ilikuwa shamba lake yeye mwenyewe, alilorithi kwa baba yake. Na aliyeliuza ni mimi.

Naungama hapa mbele yenu. Miaka miwili kabla ya usiku ule nilikuwa na shida ya fedha. Nikaja Janga na mnunuzi, mashahidi na karatasi iliyokwisha kuchapwa mjini. Nikamsomea mama haraka haraka. Akasema: "Sawa, mwanangu." Nikamshika kidole gumba, nikakigandamiza kwenye wino. Jioni ile ile aliniuliza yule mgeni aliyekuja ni nani na alitaka nini. Nilijua, ndani ya nafsi yangu nilijua, kwamba hakuelewa alichokitia dole. Nikajiambia ni uzee tu.

Dalili zilikuwepo zamani. Aliswali Adhuhuri, akakaa kidogo, akasimama kuiswali tena. Alimlipa muuza samaki mara mbili. Alitia chumvi kwenye mchuzi, akatia tena. Aliniita kwa jina la marehemu mjomba wangu. Sisi watoto tulicheka, tukasema: bi mkubwa kazeeka.

Qur'an ilitangulia kusema

Mwenyezi Mungu hakutuficha jambo hili. Katika Suratun Nahl aya ya 70, na tena katika Suratul Hajj aya ya 5, ametueleza kwamba wapo miongoni mwetu watakaorudishwa kwenye umri dhalili kabisa, wafike mahali pa kutojua kitu baada ya kuwa walikuwa wanajua. Katika Suratur Rum aya ya 54 ametueleza kuwa ametuumba katika udhaifu, akatupa nguvu, kisha baada ya nguvu akatujaalia udhaifu na mvi. Kwa hiyo mzee anaposahau jina la mwanawe, halijatokea jambo geni. Limetokea lile ambalo tunalisoma kila tunapokhitimisha.

Mtume (S.A.W.) mwenyewe, kama alivyopokea Bukhari, alikuwa akijikinga kwa Mwenyezi Mungu asirudishwe kwenye umri huo. Kama yeye aliuomba ukinzani, basi huu ni mtihani mzito, na anayepitia mtihani mzito husaidiwa, hachekwi.

Wapo watakaosema: lakini msomaji wa Qur'an hapatwi na hili. Ipo kauli ya namna hiyo inayonasibishwa na Ikrima, mwanafunzi wa Ibn Abbas. Ni kauli ya kututia hamu ya kusoma. Haikuletwa iwe fimbo ya kumchapia mgonjwa, ili kila mzee anayesahau tumwambie kuwa ujana wake hakuwa na juzuu mkononi. Mama yangu alifundisha watoto wa mtaa mzima alifu kwa kijiti.

Na kama bado mtu ana shaka, naye asome elimu ya Hadith. Wanachuoni wa Hadith wana istilahi kabisa, ikhtilat, yaani kuchanganyikiwa kwa mpokezi mwishoni mwa umri wake. Waliopatwa nayo hawakuwa watu wa mitaani. Said bin Abi Aruba wa Basra, mmoja wa wapokezi wakubwa wa zama zake, alipatwa nayo. Ata bin Saib wa Kufa alipatwa nayo. Wanachuoni walifanya nini? Hawakuwatukana wala hawakufuta kazi yao ya maisha. Walipambanua: alichokisimulia kabla ya kuchanganyikiwa kinachukuliwa, alichokisimulia baada yake kinaachwa.

Na yupo Jarir bin Hazim, naye wa Basra. Huyu alikuwa na watoto waliosoma Hadith. Walipogundua kuwa akili ya baba yao imeanza kuchanganya, walimzuia asisimulie, hata ikasemwa kwamba hakuna aliyesikia kwake Hadith yoyote katika hali ile. Angalieni adabu hiyo! Watoto wale waliona dalili mapema, wakaziamini, wakasimama kati ya baba yao na watu ili heshima yake isiharibike na dini ya watu isiharibike. Mimi niliona dalili zile zile kwa mama yangu, nikamletea wino.

Si kila neno la mzee ni upuuzi

Kisa cha Nabii Yaaqub (A.S.) nilikuwa nakisoma tangu utotoni, sikukielewa mpaka asubuhi ile. Katika Suratu Yusuf aya ya 94 na ya 95, msafara ulipotoka Misri na kanzu ya Yusuf, Yaaqub alisema anaisikia harufu ya mwanawe. Lakini kwanza alitanguliza tahadhari: alijua watamdhania kuwa uzee umempunguza akili. Na kweli, waliokuwa naye walimjibu kuwa bado yumo katika upotevu wake wa siku zote. Nabii wa Mwenyezi Mungu, aliambiwa hivyo nyumbani kwake! Kisha kanzu ikafika, na ikadhihirika kuwa aliyekuwa hajui ni wao.

Sisemi kwamba kila mzee anayesema maneno yasiyoeleweka amepata habari ya ghaibu. La hasha. Ninachosema ni kwamba tunapaswa kusikiliza kabla ya kuhukumu. "Naokota korosho" lilionekana neno la mchawi aliyebanwa. Kumbe lilikuwa neno la kweli la mkulima aliyekuwa kwenye shamba lake, katika msimu wake. Kilichompotea ni mwaka tu.

Maradhi haya yanaua

Sasa tuje kwenye yale waliyotafiti madaktari, maana Uislamu haukutukataza kuuliza wajuzi.

Hali hii wataalamu wanaiita dimensia. Si ugonjwa mmoja, ni kundi la maradhi yanayoharibu ubongo taratibu. Linalojulikana zaidi ni lile lililopewa jina la Alois Alzheimer, daktari wa Ujerumani aliyelieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1906. Jingine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, na hili linakwenda pamoja na shinikizo la damu, kisukari na kiharusi, maradhi ambayo mitaa yetu imeyajaa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kuwa watu zaidi ya milioni 55 duniani wanaishi na dimensia, na zaidi ya nusu yao wapo katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa hiyo tusiseme ni maradhi ya Wazungu.

Hapa hapa Tanzania umefanyika utafiti unaostahili kujulikana na kila imamu. Katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, mwaka 2009 na 2010, watafiti walipita nyumba kwa nyumba wakawachunguza wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Walikuta kuwa takriban 6.4 kati ya kila 100 wana dimensia. Kwa sababu wengi wa wazee wetu hawakusoma shule, watafiti wale walitengeneza kipimo kisichomtaka mtu ajue kuandika, na sehemu yake moja ni mzee kupanga njiti za kiberiti kama alivyoonyeshwa.

Kisha wakarudi baada ya miaka minne kuangalia nani yu hai. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kuwa waliokuwa na dimensia walikuwa wamekufa kwa kiwango kikubwa zaidi kwa mbali kuliko wenzao wa umri ule ule wenye kumbukumbu nzima. Na hata wale ambao kumbukumbu ilikuwa imeanza tu kupungua, nao walikufa zaidi.

Kwa nini? Ajali ni ya Mwenyezi Mungu, haitangulii wala haichelewi. Lakini ajali ina sababu, na kuhusu sababu tutaulizwa. Mzee mwenye maradhi haya husahau kula, au husahau kuwa amekula. Husahau kunywa maji. Ana shinikizo la damu lakini dawa amezimeza mara tatu leo na hakuzimeza kabisa jana. Anaumwa na hawezi kusema wapi panauma. Hupaliwa na chakula, kikaingia mapafuni, akapata homa ya mapafu. Huanguka usiku akavunjika nyonga, akalala kitandani, akatoka vidonda vya mgongo. Na wapo wanaotoka usiku wakapotea porini, au wakaingia uani kwa watu. Mambo haya yote, ndugu msomaji, yana kitu kimoja kinachoyafanana: mtu akiwepo karibu, mengi yanazuilika. Hakuna dawa ya kuponya dimensia yenyewe. Lakini kuna kijiko kinacholishwa taratibu, kuna kikombe cha maji, kuna komeo la mlango.

Vile vile si kila kusahau ni dimensia. Mzee akichanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, hiyo ni dharura. Inaweza kuwa malaria, homa ya mapafu, maambukizi ya njia ya mkojo, sukari kushuka au kukosa maji mwilini, na haya yanatibika. Wapo pia wanaosahau kwa upungufu wa vitamini B12, kwa maradhi ya tezi ya shingo, kwa damu iliyovilia kichwani baada ya kuanguka, au kwa huzuni iliyokaa moyoni baada ya kufiwa. Nao hutibika. Sasa mzee huyu ukimpeleka moja kwa moja kwa mganga wa kupunga mashetani, au kwa mtu anayejiita msomaji wa ruqya huku akimchapa viboko na kumnyima chakula siku tatu, umemuua kwa maradhi yaliyokuwa na dawa. Ruqya ya Sunna ni Qur'an na dua juu ya mgonjwa. Haina fimbo.

Na kwa sisi ambao hatujafika huko, mwaka 2024 jopo la wataalamu lililoundwa na jarida la tiba la Lancet lilitaja mambo 14 ambayo yakidhibitiwa yanaweza kuzuia au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya dimensia duniani. Miongoni mwayo ni shinikizo la damu, kisukari, uvutaji sigara, ulevi, kukaa bila kushughulisha mwili, usikivu na macho yaliyofifia bila kutibiwa, na upweke. Upweke, ndugu zangu! Mtu anayetoka kwenda swala ya jamaa, akasalimiana, akauliza hali za wenzake, anajikinga kwa namna ambayo labda hakuifikiria. Na mzee aliyeacha kuja msikitini kwa kuwa miguu haimruhusu, akasahauliwa, amekoseshwa kinga hiyo na sisi jamaa zake.

Dini inasemaje juu yake?

Baada ya tukio lile nilikaa na Maalim wa msikiti wetu pale Janga nikamuuliza maswali ambayo naamini wengi mnayo.

Swala na funga. Hadith iliyopokewa na Abu Daud inaeleza kuwa kalamu imeinuliwa kwa watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na asiye na akili mpaka akili imrudie. Mzee ambaye akili imemtoka kabisa haandikiwi dhambi kwa kuacha swala wala kwa kula mchana wa Ramadhani. Ambaye akili inakuja na kuondoka, akumbushwe kwa upole wakati imekuja. Akiswali mara mbili, mwache. Akikosea rakaa, usimpigie kelele. Na ametupa bishara Mtume (S.A.W.), katika Hadith aliyoipokea Bukhari, kwamba mja akiumwa huandikiwa mfano wa yale aliyokuwa akiyafanya alipokuwa mzima. Nani anajua? Huenda daftari la mama bado linajaa Tahajjud za ujana wake.

Mali. Hapa ndipo nilipoinamisha kichwa. Katika Suratul Baqara aya ya 282, aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, Mwenyezi Mungu amezungumzia kuandikiana mikataba, akaagiza kuwa mwenye haki juu yake akiwa mpungufu wa akili, au dhaifu, au hawezi kutoa imla mwenyewe, basi msimamizi wake ndiye atoe imla kwa uadilifu. Maalim akaniuliza: "Wewe siku ile ulikuwa msimamizi wa mama yako, au msimamizi wa shida zako?" Sikuwa na jibu. Dole la mtu asiyejua anachokitia si ridhaa. Siku hizi ardhi ya Kibaha na Kisarawe imepanda bei, watu wa mjini wanatafuta viwanja, na vikongwe wetu wanaletewa karatasi kila wiki, mara nyingi na watoto wao wa kuwazaa. Tumche Mwenyezi Mungu. Mali ya mzee aliyepoteza akili ni amana kama mali ya yatima. Itumike kumlisha, kumvisha na kumtibu, na Zaka yake, kwa kauli ya Imam Shafi na wanachuoni wengi, itolewe na msimamizi wake.

Nilifanya nini? Niliwaita ndugu zangu wote, kaka na dada, mbele ya Maalim, nikasema nilichofanya. Hawakufurahi, na haki yao. Yule mnunuzi hakuwa na kosa, alikuwa ameshajenga na watoto wake wanalala pale. Tukakubaliana, tukiwa wasimamizi wa mama, kwamba nyumba yake isiguswe, na mimi nirudishe bei yote ya shamba, kidogo kidogo kila mwezi, mikononi mwa dada yetu anayekaa na mama, kwa matumizi yake. Bado nalipa. Na yule mama mwenye nyumba, aliyepiga yowe usiku ule, tulipomweleza, alilia. Sasa hivi mama akitoka akaelekea kule, anampokea, anampa kigoda akae kivulini, kisha anatuma mtoto aje kutuambia.

Mzigo umebebwa na nani?

Nimemtaja dada. Hili nalo tuliseme. Katika nyumba nyingi anayemsafisha mzee, anayemlisha, anayeamka naye usiku, ni binti mmoja au mkamwana mmoja, na wanaume tupo mjini tunatuma fedha kwa simu tukidhani tumemaliza. Katika Suratul Israai aya ya 23, Mwenyezi Mungu aliposema juu ya wazazi wakifikia uzee, alitaja kuwa wafikie uzee wakiwa kwako, wewe mtoto. Na akakataza hata ule mguno mdogo wa kuchoka. Aya inayofuata ikatufundisha kuwaombea rehema kama walivyotulea tukiwa wadogo. Utoto wetu umetajwa makusudi. Mama alituosha mara ngapi bila kututangaza? Alijibu swali moja mara ngapi bila kutuambia kuwa tumemchosha?

Hadith aliyoipokea Muslim inamtaja mtu aliyepata hasara, ambaye aliwakuta wazazi wake uzeeni, mmoja au wote wawili, kisha hakuingia Peponi kwa sababu yao. Na siku ya kufunguliwa Makka, Abubakar (R.A.) alipomleta baba yake Abu Quhafa, mzee sana, kichwa cheupe pe, Mtume (S.A.W.) aliuliza kwa nini hakumwacha mzee nyumbani ili yeye mwenyewe amwendee. Mshindi wa Makka alikuwa tayari kutembea kwenda kwa kikongwe aliyekuwa bado hajasilimu. Sisi tunashindwa kwenda Mlandizi Jumamosi?

Nawaomba maimamu wetu mambo matatu. Kwanza, kila msikiti uwajue wazee wake, hasa walioacha kuonekana, na watu wapangiane zamu ya kuwatembelea, ili dada na wakamwana wapate hata nusu siku ya kupumzika. Kule Hai wamewahi kujaribu kuwakusanya wazee wenye maradhi haya katika vikundi vidogo vya mazungumzo na mazoezi ya akili. Msikiti una jamvi, una kivuli, una watu. Unakosa nini? Pili, khutba ziseme wazi kwamba mzee anayepotea usiku ni mgonjwa na si mchawi, na vijana waambiwe: ukimkuta, mfunike, mkalishe, uliza ni wa nani. Tatu, Maalim asiwe shahidi wa dole la mzee kabla hajazungumza naye peke yake akathibitisha kuwa anaelewa. Na kwa upande wa serikali, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 imezungumzia matibabu bila malipo kwa wazee wasio na uwezo. Tufuatilie haki hiyo kwa ajili yao, maana wao hawawezi tena kuidai.

Mama yupo. Hanijui. Wiki iliyopita aliniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamtajia jina lake yeye mwenyewe. Akasema: "Huyo namjua, mwambie mvua inakuja." Kisha Maalim akasoma Fatiha, na mwishoni mama akaitikia "Amin" kabla yetu sote.

Ndugu msomaji, yeye kalamu imeinuliwa kwake. Anapotukana, anapolia, anapokataa kula, haandikiwi. Malaika walioko mabegani mwake wamepumzika. Wa kwetu hawajapumzika. Kila namna tunavyomjibu inaandikwa, na iko siku itasomwa.

Ewe Mola wetu, warehemu wazazi wetu walio hai na waliotangulia. Utukinge na umri dhalili, na ukitukadiria kuufikia, tujaalie tuwe mikononi mwa watu watakaokaa chini mchangani ubavuni kwetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.